Kuvumiliana na Kutambuana

Hotuba iliyosomwa mbele ya jamaa Waislamu wa Jinja katika siku ya ukumbusho wa jumuiya, na kusomwa tena Mbale

Bwana Mwenyekiti, Masheikh wetu watukufu, wazee wangu wa Jinja, na nyinyi wageni wetu mliopanda basi alfajiri kutoka Mbale. Mama zetu mlioketi upande wa kulia, na vijana mliosimama madirishani kwa kukosa viti.

Nilipoletewa barua ya kutakiwa niseme maneno machache katika siku hii ya ukumbusho, niliachiwa hiari ya kuchagua habari niitakayo. Ningeliweza kuwasimulia historia ya jumuiya yetu, jinsi wazee walivyochanga senti na mifuko ya saruji, nanyi mngelifurahi, nami ningelishuka jukwaani salama. Lakini ipo barua nyingine, ambayo haikuandikwa kwangu, na ambayo imelala juu ya meza ya kamati yetu ya skuli muda wa miezi miwili bila ya kujibiwa. Barua hiyo ndiyo iliyonikosesha usingizi, na kwa idhini ya Mwenyekiti nitaisema hapa.

Imetoka kwa baba mmoja wa jamaa ya Abayudaya, wale Mayahudi wenyeji ambao sinagogi lao limo juu ya kilima cha Nabugoye, nje kidogo ya mji wa Mbale. Binti yake anasoma katika skuli yetu. Kama mjuavyo, skuli yetu hufungwa Ijumaa ifikapo adhuhuri, na vipindi vinavyopotea hulipwa Jumamosi asubuhi. Baba huyu anaomba kwa adabu kabisa kwamba binti yake asihudhurie Jumamosi, kwa kuwa ndiyo Sabato yao, na kwamba mtihani wa skuli ukiangukia siku hiyo apewe siku nyingine. Basi, ni hayo tu. Hakuomba kupunguziwa ada, wala hakuomba somo la dini liondolewe.

Katika kamati maneno yalikuwa mengi. Mzee mmoja, ambaye namheshimu kama baba yangu, alisema kwamba ukenda kwa wenye chongo nawe vunja lako jicho. Mgeni afuate ada ya nyumba aliyoingia. Mwingine akasema: tumewavumilia vya kutosha, tumewapa na nafasi katika skuli yetu. Neno hili la pili ndilo lililonishika, nikarudi nalo nyumbani.

Katika lugha yetu, kuvumilia ni neno la mashaka. Mtu huvumilia njaa, huvumilia jua kali, huvumilia jino linalomwuma mpaka pesa za daktari zipatikane. Hakuna avumiliaye asali. Tukimwambia jirani kwamba tunamvumilia, maana yake tumemwambia kuwa yeye ni maumivu, ila sisi ni watu wa subira. Je, hilo ndilo jambo kubwa kabisa ambalo watu wa dini mbali mbali na makabila mbali mbali wanaweza kupeana?

Suali hili limewashughulisha wenye hekima wa zamani na wa zama zetu, na ningependa kuwapitisha kidogo katika fikira zao. Huko Ulaya Wakatoliki na Waprotestanti walichinjana zaidi ya karne moja. Katika fitina hizo Mwingereza mmoja aitwaye John Locke alikimbia kwao akajificha Uholanzi, na hapo, mwishoni mwa mwaka 1685, akaandika kwa Kilatini waraka juu ya kuvumiliana katika dini, nao ukapigwa chapa mwaka 1689. Hoja yake ni nyepesi. Kazi ya dola ni kulinda roho za watu, miili yao na mali zao. Upanga wa dola hauufikii moyo. Ukimshurutisha mtu aamini, hupati Muumini, bali unapata mnafiki. Hoja hiyo si ngeni kwa mwana wa madrasa: aya ya 256 ya Suratil-Baqara tuliihifadhi kabla hatujasikia kuwa duniani kuna mtu aitwaye Locke.

Lakini sikilizeni ajabu. Katika waraka ule ule Locke ametutaja sisi. Mara moja anasema kwamba haifai Mwislamu wala Myahudi wala mpagani kunyimwa haki za uraia kwa sababu ya dini yake. Mahali pengine anaeleza kwamba mfalme hawezi kuwavumilia watu ambao dini yao inawatia chini ya mfalme mwingine wa nje, na mfano alioutoa ni Mwislamu anayemtii Mufti wa Istanbuli. Nami najiuliza: sisi wa Jinja, tangu lini tukapokea amri ya Mufti wa Istanbuli? Hata ya Mufti wa Kampala baadhi yetu tumeikataa! Hata hivyo shaka ile ya Locke haijafa. Kila mara Mwislamu anapoulizwa kwanza atii nchi gani, kabla ya kuulizwa jina lake, ni shaka ile ile imevaa nguo mpya. Nao wasioamini Mungu kabisa, Locke hakuwapa hata nafasi ya kuvumiliwa, kwani alidai kuwa kiapo chao hakina mshiko.

Kasoro ya kuvumiliwa, ndugu zangu, ni kwamba ni zawadi, na aliyetoa zawadi aweza kuitwaa. Mwaka ule ule wa 1685 Mfalme Louis wa kumi na nne wa Ufaransa alifuta amri ambayo babu yake aliitoa mwaka 1598 kuwaacha Waprotestanti waabudu, na watu kwa malaki wakahama nchi. Nasi hatuna haja ya kwenda Ufaransa. Kabaka Mutesa wa kwanza alifunga Ramadhani muda wa miaka kama kumi, akajenga msikiti, akawahimiza watu wake wasome. Kisha vijana wa baraza lake wakaona kwamba nyama ya mfalme haikuchinjwa kwa sharia, na kwamba mtu ambaye hakutahiriwa hawezi kuwasalisha. Wakakataa yote mawili. Mwaka 1876 wakauawa, wapatao sabini. Mfalme aliupenda Uislamu maadamu Uislamu ulikuwa ukimpenda yeye.

Na hapa Jinja tunayo yetu. Wazee mnaikumbuka Main Street ilivyokuwa, na Kakira ya Madhvani, na jamatkhana, na mahekalu, na majivu ya Gandhi yaliyotiwa katika mto wetu mwaka 1948. Mwezi wa Agosti 1972 ikatoka amri ya Idi Amin, na Wahindi wakapewa siku tisini. Wengi wao walikuwa Waislamu: Waismailia, Mabohora, na Masunni ambao tulisimama nao safu moja siku ya Ijumaa. Walikuwa wamevumiliwa, siku ile uvumilivu ukafika mwisho wake kama kibali cha kukaa. Mimi nilikuwa kijana. Wako kati yetu waliolia, na wako waliopokea funguo za maduka. Nasema haya bila ya kumtaja mtu, lakini itakuwa vibaya kuchapa kijitabu cha ukumbusho kisichokumbuka. Mwaka 1979 upepo ulipogeuka, huko Ankole Waislamu waliuawa kwa sababu tu mtawala aliyeanguka alikuwa wa dini yao.

Sasa nitaomba radhi niseme la nyumbani kwangu. Marehemu baba yangu alizaliwa katika kijiji cha Busoga, akaitwa Ismaili. Katika miaka ya 1940 skuli iliyokuwa karibu ilikuwa ya misheni moja, ambayo sitaitaja, kwani waliokuwamo wamekwisha kufa, na wajukuu wao ni rafiki zetu. Mwalimu alimwambia babu yangu: mtoto tutampokea, lakini jina hili hatuliandiki. Akaandikwa Samwiri. Hakubatizwa, wala hakuacha kufunga. Nyumbani alikuwa Ismaili na darasani Samwiri. Cheti chake kikatoka kwa jina la Samwiri, na kazi akapewa kwa jina la Samwiri, na kila mwezi Samwiri ndiye aliyepokea mshahara. Alipofariki, sisi watoto tulikwenda kwenye ofisi moja kudai kiinua mgongo chake. Karani akafungua faili, akatutazama, akasema: Ismaili hatumjui. Ilitubidi tule kiapo, na mama yetu mjane akasimama mbele ya watu asiowajua kuthibitisha kwamba waume wake wawili walikuwa mmoja.

Baba yangu alivumiliwa, wazee wangu. Hakupigwa, hakufukuzwa, alifundishwa hesabu na Kiingereza na walimu wema. Kilichokosekana hakina jina katika waraka wa Locke. Katika miaka ile ile ya 1940 ndipo wakubwa wetu, chini ya uongozi wa Badru Kakungulu, walipoanzisha chama cha elimu ya Waislamu wa Uganda, ili mtoto asome na jina lake. Sisi tuliomo katika ukumbi huu ni matunda ya kazi hiyo.

Jina la kile kilichokosekana alilieleza vizuri Charles Taylor, mwanafalsafa wa Kanada, katika makala aliyoitoa mwaka 1992. Huyu ni mtu wa Montreal, mji wa Kifaransa ndani ya nchi ambayo watu wake wengi husema Kiingereza, na hivyo jambo hili kwake halikuwa la kitabuni tu. Anasema kwamba binadamu hujijua nafsi yake kwa namna wenzake wanavyomtambua. Na kama jamii inamrudishia sura ya kumdharau, au haimrudishii sura yoyote, basi amedhulumiwa dhuluma ya kweli, hata kama hakuna aliyemgusa mwili wala mali. Kutambuliwa, kwa maoni yake, si hisani ambayo watu wapole huwafanyia wengine. Ni haja ya mtu kama chakula. Niliposoma maneno hayo nilimwona baba yangu amesimama darasani anaitikia jina lisilo lake.

Nanyi mtakumbuka aya ya 13 ya Suratil-Hujurat, inayotueleza kwamba Mwenyezi Mungu alitujaalia mataifa na makabila mbali mbali, na sababu yake ikatajwa pale pale: ni kujuana. Haikutajwa kuvumiliana. Anayekuvumilia aweza kuishi nawe ukuta kwa ukuta miaka hamsini bila ya kukujua; anayekujua lazima akuulize habari zako, na akiuliza lazima asikilize.

Kujuana huko kumo katika nchi yetu kuliko wanavyofikiri wale wanaotusoma katika magazeti. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2014 sisi tulikuwa 13.7 kwa mia ya watu wa Uganda, ni wachache. Lakini Mkristo anapooza mwanawe, hapa Busoga au kule Bugisu, asubuhi na mapema humtafuta Mwislamu wa kumchinjia ng'ombe, ili jirani zake wote wapate kula. Hakuna sheria inayomlazimisha. Hamvumilii Mwislamu, amekwisha mhesabu katika sahani kabla hajafika.

Na katika historia ya Mbale yenyewe mna darasa. Mji ule ulikuzwa na Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyeitiisha mashariki kwa niaba ya Waingereza. Pamoja naye na nyuma yake wakaja watu wa kila namna: Waganda Wakristo na Waislamu, Waswahili wa misafara waliokwenda Karamoja kutafuta pembe, Wahindi wenye maduka. Huyu Kakungulu alikuwa Mprotestanti. Kisha akawafuata Wamalaki, waliokataa dawa za mahospitali. Na mwaka 1919 akatangaza kwamba yeye na watu wake ni Mayahudi. Serikali ikamwona mtu wa matata. Akafa mwaka 1928, lakini jamaa aliyoiacha haikufa. Wakati wa Amin sala zao zilipigwa marufuku, wakaswali kwa siri, wengi wakabadili dini, wakabaki mia chache. Mwaka 2004 mmoja wao, J.J. Keki, akaenda nyumba kwa nyumba kuwaalika Wakristo na Waislamu waungane na Mayahudi katika chama kimoja cha ushirika cha kuuza kahawa, wakakiita Mirembe Kawomera, yaani amani ni tamu. Kahawa hiyo ya mlima Masaba ikanunuliwa Marekani. Na mwaka 2016 watu wa Bungokho Kaskazini walimchagua Rabi Gershom Sizomu kuwa Mbunge wao. Mayahudi peke yao hawakuweza kumpeleka Bungeni, kwani ni wachache mno. Kura nyingi zilitoka kwa Wakristo na kwetu sisi. Sasa mtu tuliyempa kura aseme kwa niaba yetu Kampala, tutamwambiaje kwamba watoto wa jamaa yake ni wageni?

Naam, lakini mambo si mepesi hivyo, na nisingependa vijana waondoke hapa wakidhani kwamba kutambuana ni kukubali kila jambo. Liko suali la pili: ndani ya kundi lenyewe linalotaka kutambuliwa, nani anatambuliwa? Will Kymlicka, naye wa Kanada, aliandika kitabu mwaka 1995 akapambanua mambo mawili. Kundi dogo lina haki ya kujikinga na nguvu za kundi kubwa. Lakini halina haki ya kutumia kinga hiyo kuwafunga watu wake wenyewe. Tuchukue mfano wa imbalu. Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, ngoma hufunguliwa Mutoto karibu na Mbale, na vijana wa Kigisu husimama mbele ya kisu bila ya kupepesa jicho. Ni ada tukufu kwa wenyewe, na Katiba ya 1995, katika kifungu cha 37, inawapa watu haki ya utamaduni wao. Lakini kijana wa Kigisu aliyezaliwa Mwislamu amekwisha kutahiriwa utotoni. Yako maneno katika koo kwamba aliyetahiriwa hospitali hajawa mwanamume, asisimame kusema panapo mirathi wala panapo mazishi. Hapo nasema wazi: ukoo una haki ya ngoma yake, wala hauna haki juu ya mwili wa kijana asiyetaka, wala ya kumnyima ardhi ya baba yake. Hali kadhalika, na hili litawachukiza baadhi yenu, kijana wetu atakayekwenda kuwachezea binamu zake ngoma na kuwashika mkono siku yao, tusikimbilie kumtoa katika dini. Lipi katika ada hiyo ni shirki na lipi ni furaha ya jamaa, ni kazi ya Masheikh kulipambanua kwa utulivu, si kazi ya wapiga kelele barazani.

Mama zetu, nanyi nimewatazama mkitikisa vichwa, na nadhani najua sababu. Tunadai mahakama za Kadhi, ambazo zimetajwa katika kifungu cha 129 cha Katiba, na miaka mingi ilipita bila ya Bunge kutunga sheria ya kuziunda. Na madai hayo ni ya haki, kwani hata serikali ya kikoloni ilikuwa na sheria ya ndoa na talaka za Waislamu tangu mwaka 1906. Wenzetu wa Kenya wanazo, na zimo katika Katiba yao ya mwaka 2010. Lakini mwaka 1999 bibi mmoja mwanafalsafa, Susan Moller Okin, aliuliza kama haki za makundi hazigeuki mara nyingi kuwa haki za wanaume wa makundi hayo. Wengi walimjibu kwa hasira, na baadhi ya majibu yalikuwa ya haki, kwani aliwasema wanawake wa dini kana kwamba hawana akili ya kujichagulia. Wanawake wa Kiislamu wa Uganda waliandamana Kampala mwaka 2005 kuupinga mswada wa sheria ya ndoa, wala hawakutumwa na waume zao. Hata hivyo suali lake halikufa. Kamati yetu ina watu kumi na mmoja na hapana mwanamke hata mmoja. Tutawaambiaje serikali watutambue, ilhali nusu yetu hatujaitambua katika orodha yetu wenyewe?

Nimetaja orodha, nayo inanikumbusha mtu wa tatu, huyu wa kwetu kabisa: Mahmood Mamdani, aliyekulia Kampala, akafukuzwa pamoja na Wahindi wenzake mwaka 1972, kisha akarudi akafundisha Makerere. Yeye anatuonya tusilifurahie kila tambuo. Mkoloni, asema, hakukataa tofauti zetu, alizipenda mno. Alimpa kila mtu kabila, na kila kabila mpaka wake na sheria yake na mkubwa wake, na aliyehama kwao akawa mgeni daima. Hayo aliyaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1996, na tena mwaka 2012. Someni nyongeza ya tatu ya Katiba yetu: mmeandikwa makabila ya wenyeji waliokuwamo Uganda ilipofika tarehe 1 Februari 1926. Wanubi wamo, alhamdulillahi, na wengi wenu hapa mlifurahi, kwani babu zenu waliletwa na jeshi na kwa miaka mingi mliambiwa rudini Sudani. Wahindi hawamo. Waswahili kwa jina hilo hawamo. Mtu ambaye mzazi wake wa nne amezikwa Jinja atamtafutia nani jina lake katika ukurasa ule? Na mji wa Mbale wenyewe uligombewa na Bugisu na Bukedi hata Katiba ya uhuru ya 1962 ikauweka peke yake, eneo lisilokuwa la huku wala la kule. Mimi huona kwamba wale waliouweka peke yake waliujua mji kuliko wagombezi wote.

Basi dini yetu inatupa nini katika haya? Siku hizi ni ada ya wasemaji kudai kwamba kila jema la Ulaya sisi tulikuwa nalo zamani. Sipendi majivuno hayo, lakini kweli haifichiki. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipofika Madina mwaka 622 aliandikisha mkataba ambao Mayahudi walitajwa humo kabila kwa kabila, kwa majina yao, kuwa umma pamoja na Waumini, kila upande na dini yake. Na kabla ya hapo masahaba waliokimbia Makka walipokewa na Najashi wa Uhabeshi, Mkristo wa bara hili letu. Aliwaita, akawauliza, akasikiliza wakisoma, ndipo akahukumu. Haya ni kutambuana. Lakini insafu inanilazimisha niseme pia kwamba katika dola zilizokuja baadaye, Mayahudi na Wakristo walipata amani na mahakama zao, wala hawakupata usawa. Michael Walzer, Mmarekani, katika kitabu chake cha mwaka 1997 juu ya kuvumiliana, aliusifu utaratibu wa dola ya Uthmania kwa kuyapatanisha makundi, kisha akaonyesha kwamba mtu mmoja mmoja alikuwa amefungwa ndani ya kundi alimozaliwa. Tusiwe watu wa kusoma kurasa za sifa tu.

Tena sisi kwa sisi tukoje? Baada ya kufa Nuhu Mbogo mwaka 1921, Waislamu wa Uganda waligawanyika juu ya suali moja: baada ya sala ya Ijumaa, iswaliwe Dhuhuri au isiswaliwe? Kwa ajili ya rakaa nne ndugu walijengeana misikiti ya kushindana, wakanyimana mabinti, wakaacha kuzikana. Siku hizi kuna Kibuli na Old Kampala. Mtu asiyeweza kumtambua Mwislamu mwenzake aliyefunga mikono kwa namna nyingine, atamtambuaje Myahudi?

Nairudia barua. Yule mzee wangu alisema mgeni afuate ada ya nyumba. Kwa heshima zote, baba, methali yako ni sahihi ila haikumpata mtu wake. Babu wa mtoto huyu alizaliwa Nabugoye kabla ya msingi wa skuli yetu kuchimbwa. Si mgeni, ni jirani aliyelipa ada. Na sisi ambao tunaifunga skuli Ijumaa adhuhuri, katika nchi ambayo kalenda yake imepangwa kwa Jumapili, twajua vizuri kuliko wote nini maana ya kuomba siku. Chuo Kikuu cha Kiislamu kilipofunguliwa Mbale mwaka 1988 kiliwapokea wasiokuwa Waislamu, na wamekuwa wakihitimu huko. Hakuna aliyesema kwamba Uislamu wa chuo kile umepungua.

Wengine wameniuliza: tukimpa huyu Jumamosi, kesho Wasabato nao hawatakuja? Watakuja. Nimewahesabu, ni watoto sita. Na atakayetaka somo la Kurani lifutwe, au mvinyo uuzwe langoni, je? Huyo tutamkatalia, kwa kuwa hataki nafasi ya dini yake, anataka kutunyang'anya nafasi ya dini yetu. Kupambanua hayo mawili kunahitaji kamati inayokaa na kufikiri, wala siyo kamati inayoacha barua ikapata vumbi.

Iliyobaki ni taabu ya vipindi vya Jumamosi, maana binti huyu hawezi kukosa hesabu mwaka mzima. Nimezungumza na mwalimu wa somo hilo, Mkristo wa kutoka Bududa. Alisema kwamba yuko tayari kumfundisha Jumapili alasiri, akisha kutoka kanisani, na pamoja naye hao sita, bila ya malipo. Alilouliza ni jambo moja tu: nani atamfungulia darasa, kwa sababu Jumapili mlinzi hayupo, na ufunguo wa pili anao muadhini wetu. Muadhini ameketi pale safu ya tatu, mwenye kanzu ya rangi ya maziwa. Kamati inakutana Alhamisi baada ya Magharibi.

Wassalaam alaykum.